Nyumba Iliyojengwa kwa Hofu ya Jua

Kinangop ni uwanda wa juu, takriban mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, uliobanwa kati ya ukingo wa Bonde la Ufa na safu ya milima ya Nyandarua. Mwezi wa Januari, anga ikiwa wazi usiku, jalidi hushuka mashambani, na kunapokucha majani ya viazi yamelegea na kuwa meusi. Mwezi wa Julai, katika msimu ambao wazee wetu huuita gathano, ukungu hukaa kutwa nzima na nguo zikianikwa hazikauki. Katika nchi hii ya baridi walowezi wa Kiingereza walijenga nyumba zenye veranda pana, mapaa ya mabati yenye dari nyembamba ya mbao, na sakafu zilizoinuliwa juu ya nguzo za mawe ili upepo upite chini. Hizo ni nyumba za nchi ya joto. Mimi naishi katika mojawapo pamoja na mume wangu, watoto wetu na mama yangu mzazi. Tumekuwa tukiitengeneza ili iwe na joto, na kila ubao tulioung'oa umenifundisha historia ambayo sikuipata shuleni.

Swali lililonisumbua tangu mwanzo lilikuwa hili: watu waliotoka katika nchi yenye theluji, waliojua vizuri baridi ni nini, walijengaje nyumba inayoikaribisha?

Jibu la kwanza liko India. Veranda, pamoja na mtindo wa nyumba ya chini yenye paa lililoteremka mbele, ilitoka Bengali, ikasambazwa na maofisa wa dola ya Uingereza popote walipopeperusha bendera. Kazi yake ni kulizuia jua lisiguse ukuta. Jibu la pili ni hofu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba jua la Ikweta, hasa nyanda za juu ambako hewa ni nyembamba, huharibu ubongo na mishipa ya fahamu ya mzungu. Walowezi walivaa kofia nene, wengine mbili kwa pamoja, na kushonewa kitambaa kizito cha kufunika uti wa mgongo. Wapo waliokataa kuvua kofia hata ndani ya nyumba ikiwa paa ni la mabati matupu, kwa kuamini kwamba miale hiyo hupenya bati. Imani hiyo ilififia baadaye, lakini nyumba zilikuwa zimekwisha kujengwa. Veranda ya nyumba yetu ilifunika upande wa mashariki wote. Jua la asubuhi, ambalo hapa kwetu ndilo la kutegemewa kabla mawingu ya mchana hayajapanda, lilikuwa halifiki chumba chochote cha kulala.

Ardhi yenyewe ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwaondoa katika eneo la Naivasha na Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia, na katika mkataba huo huo waliahidiwa kubakiziwa angalau maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za jando. Naukumbuka mstari huo kila ninapoangalia uwanda, kwa sababu unaonyesha kwamba mahali hapa palikuwa na maana kwa watu kabla hapajaitwa shamba la mtu yeyote. Reli ilikuwa imefika Naivasha mwaka wa 1900. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ukaja mpango wa 1919 wa kuwapa ardhi wanajeshi wa Uingereza waliostaafu, na mashamba mengi zaidi yakakatwa nyanda za juu.

Reli ndiyo iliyoleta mabati. Bati lenye mikunjo lilibuniwa London mwaka wa 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, na lilipoanza kupakwa zinki lisishike kutu, likawa paa la makoloni kila bara. Ni jepesi kusafirisha na halishiki moto. Mengine yalitoka hapa hapa. Msitu wa Nyandarua ulijaa mitarakwa, mti ule ule ambao Waingereza waliusafirisha kwao kutengenezea kalamu za risasi. Mbao zake haziliwi na mchwa wala haziozeshwi na mvua kwa urahisi. Mafundi wengi wa nyakati hizo walikuwa Kalasinga, na chini yao vijana wetu waliojifunza randa na msumeno kwa kuangalia. Kuta za nyumba yetu ni mabanzi ya mtarakwa yaliyopigiliwa kwa nje, gome likiwa limebanduliwa, na kwa ndani mbao laini. Baina yake pana nafasi tupu ya upana wa kiganja. Mbao zilipokauka zilisinyaa, na nyufa zikafunguka kila mahali.

Sasa tulia nikueleze jibu la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Nyumba hii haikuhitaji kuhifadhi joto kwa sababu palikuwa na watu wa kulileta.

Guka wangu, yaani babu, alizaliwa katika shamba hili hili. Baba yake alikuwa skwota, yaani familia iliruhusiwa kujenga kibanda, kulima kipande na kufuga mifugo michache, na kodi yake ilikuwa kazi. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota wafanye kazi siku 180 kwa mwaka kwa mwenye shamba, na kufikia miaka ya 1940 siku hizo ziliongezwa, kwingine hadi 270. Guka akiwa mtoto alipewa kazi ya kuni. Aliniambia kwamba saa kumi alfajiri alikuwa tayari uani, anajaza makapu matatu: moja la sebuleni, moja la jikoni, na moja la pipa la maji ya kuoga, lililokaa juu ya meko ya matofali nje ya ukuta wa bafu na bomba likaingia ndani. Alibeba kuni hizo mgongoni kutoka msituni. Mpishi alikuja baadaye kidogo kuwasha jiko la chuma. Wenye nyumba walipoamka walikuta moto umekolea na maji yamechemka.

Ukiyasoma maandishi ya walowezi kuhusu nyanda za juu, utakuta sifa tele za moto wa jioni katika meko ya mawe. Mimi sina ugomvi na mtu kuupenda moto. Lakini meko ile ya sebuleni, pana na yenye kina kirefu, hupeleka sehemu kubwa ya joto lake juu kupitia dohani, na kwa kufanya hivyo huvuta hewa baridi iingie kwa kila ufa. Ili chumba kipate joto kidogo, magogo mengi lazima yateketee. Ni meko iliyowezekana tu pale ambapo kuni ni za bure na mgongo unaozibeba haulipwi thamani yake.

Kilomita chache kutoka hapo, vibandani kwa maskwota, palikuwa na elimu nyingine kabisa ya joto. Nyumba ya mwanamke wa Kikuyu ilikuwa ya mviringo, paa la nyasi likishuka karibu na ardhi, mlango mmoja mdogo, na katikati mafiga matatu ambayo moto wake haukuachwa ufe. Mbuzi na kondoo walilala humo humo, na miili yao ikaongeza joto. Jomo Kenyatta aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*, kwamba nyumba ilipaswa kujengwa na kukamilika kwa siku moja, na kwa sababu hiyo ndugu na majirani walihitajika wote. Wamaasai nao walikuwa na nyumba yao ya chini, iliyokandikwa kwa samadi ya ng'ombe, yenye tundu dogo la mwanga. Moshi ulikuwa mwingi, na macho na vifua vya akina mama viliugharamia. Hilo halifai kufichwa. Lakini wajenzi hawa walikuwa wamelijua jambo ambalo mjenzi wa nyumba kubwa hakulijali: joto hupanda, kwa hiyo paa ndilo la kwanza kupewa unene.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari ili kuzima uasi. Januari 1953 familia moja ya walowezi, mtoto wao akiwemo, iliuawa nyumbani kwao hapa Kinangop, na habari hiyo ilitikisa koloni zima. Madirisha ya nyumba yetu bado yana vyuma vya wakati ule. Maskwota wa Kikuyu wakaondolewa mashambani kwa maelfu. Guka, wakati huo kijana, alipakiwa lori pamoja na mama yake na kupelekwa Murang'a, mahali ambapo hakuwahi kuishi hata siku moja, na baadaye wakaingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongoka. Alisema kwamba baridi aliyoikumbuka zaidi maishani mwake ni ya kijiji kile, ambako amri ya kutotoka nje iliwanyima akina mama muda wa kutafuta kuni.

Mwaka wa 1962 ukaanza mpango wa ekari milioni moja. Serikali ilinunua mashamba ya walowezi kwa fedha za Uingereza, Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, ikayakata vipande na kuvigawa kwa takriban familia 35,000. Hawakupewa bure. Mkopo wa ardhi ulikuwa wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5, kwa ardhi ambayo wengi wao walikuwa wameilima kwa jasho lao tangu utotoni. Guka alirudi mwaka wa 1964 akiwa na karatasi ya kipande chake. Alipanda pareto, viazi na kabichi, akafuga ng'ombe wa maziwa.

Na nyumba kubwa? Kwingine nyumba kama hizi, pamoja na ekari 100 kuzizunguka, zilitengwa zikauziwa watu wenye vyeo. Nyingine zikawa shule, zahanati au makao ya polisi. Yetu ilikuwa ofisi ya afisa wa makazi, kisha ghala la chama cha ushirika, maua ya pareto yaliyokaushwa yakirundikwa sebuleni hadi madirishani. Chama kilipojenga ghala lake, guka aliinunua pamoja na ekari zilizobaki pembeni yake. Cucu, yaani nyanya yangu, hakukubali kulala ndani. Alisema nyumba hii inakula kuni. Alijenga jiko lake la mbao na udongo uani, na kwa miaka mingi maisha yote ya ukoo wetu yalikuwa katika jiko lile: kula, masomo ya usiku, wageni, maombi, hata mazungumzo ya mahari. Vyumba vikubwa vilihifadhi viazi vya mbegu. Nilipokuwa mdogo nilidhani cucu anaiogopa nyumba ya mzungu. Leo nasema alikuwa ameipima kwa usahihi kuliko mchoraji aliyeichora.

Tulipoamua kuhamia, jirani mmoja alitushauri tuibomoe tujenge ya mawe. Ushauri huo una wafuasi wengi Nyandarua, na nyumba nyingi za zamani zimeng'olewa mbao zake na kuuzwa. Sisi tulikataa. Mtarakwa wa kuta hizi hauwezi kupatikana tena, na mikono iliyoupasua ni ya watu wetu. Fundi tuliyemwita ni mzee wa Njabini hapa Kinangop, seremala na mwashi. Alizunguka nyumba yote bila kusema neno, akapanda ngazi, akapitisha kichwa kwenye tundu la dari, akashuka. "Mama," akaniambia, "usianze na meko. Ukianza na meko utakuwa unawapashia ndege joto. Anza huku juu."

Bati ni jembamba na ni la chuma. Usiku usio na mawingu, joto lake hutoroka kuelekea angani hadi bati lenyewe linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Pumzi za watu waliolala hupanda, hukutana na bati hilo, hugeuka maji na kudondoka. Ndiyo maana dari yetu ilikuwa na madoa meusi hata mahali ambapo paa halivuji. Tulihitaji kitu kinene juu ya dari, na nafasi ya hewa kati ya kitu hicho na bati ili unyevu upeperuke.

Kitu hicho tulikuwa nacho malishoni. Kinangop ni nchi ya kondoo wa sufu, lakini bei ya sufu imeshuka kiasi kwamba wafugaji wengine hunyoa na kuitupa. Ninunue nyuzi za glasi kutoka mbali na hii nitupe? Tulikusanya sufu kutoka kwa majirani, tukaiosha kwa maji moto kuondoa mafuta na uchafu, tukailoweka katika maji ya boraksi kuzuia nondo, tukaianika. Akina mama wanaosokota sufu hapa Njabini ndio walionionyesha namna ya kuichambua ili ivimbe, maana kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi, ukiishindilia unaipoteza. Tuliitandaza juu ya dari kwa unene wa sentimita 15 hivi. Watoto walipanda na kushuka na magunia siku nzima. Wiki ile ile mama yangu aliacha kuvaa kofia ya kulalia.

Kuta zilifuata, na hizo ndizo zilizonisomesha zaidi. Chini ya mbao za ndani tulikuta matabaka ya mbinu za waliotutangulia. Kwanza gunia lililogongomewa na kupakwa rangi. Juu yake kurasa za *East African Standard* zilizobandikwa kwa uji wa unga. Kisha kurasa za *Taifa Leo*. Na katika chumba kilichokuwa ofisi ya ushirika, magunia ya pareto yaliyokunjwa na kusokomezwa kwenye nyufa. Kila aliyeishi au kufanya kazi humu alikuwa amehisi upepo ule ule na kuuziba kwa alichokuwa nacho. Niliyapiga picha matabaka yote, nikahifadhi vipande, kisha tukajaza nafasi kati ya mabanzi na mbao kwa sufu na kuziba nyufa kwa vipande vyembamba vya mbao. Tulikwepa kupiga lipu ya saruji juu ya mbao, kwa sababu unyevu ukinaswa nyuma yake hata mtarakwa huoza.

Udongo wa uwanda huu ni mzito, huhifadhi maji, na mvua ikinyesha hutuama. Kwa hiyo sakafu iliyoinuliwa ina faida yake, na hatukuzungushia nyumba ukuta wa kuifunga chini kabisa. Tulichofanya ni kupigilia mbao upande unaopigwa na upepo, tukaacha matundu ya kupitisha hewa, na kubandika sufu iliyofungwa kwa wavu chini ya mbao za sakafu.

Mwishowe ikafika zamu ya meko. Mwaka wa 1796 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyejulikana zaidi kama Count Rumford, alichapisha maelezo ya namna ya kurekebisha meko za ukutani: punguza kina, kata kuta za pembeni mshazari ili zirudishe joto chumbani, na ubane koo la dohani. Maarifa hayo yalikuwa na zaidi ya miaka 100 nyumba yetu ilipojengwa, na mjenzi hakuyatumia. Fundi wetu hakuwahi kumsikia Rumford, lakini nilipomchorea alitikisa kichwa kukubali, akasema ni kama alivyomwona babake akilielekeza jiwe la nyuma la mafiga. Alijenga kwa matofali ndani ya meko ya zamani bila kuyavunja mawe yake. Sasa gogo moja hufanya kazi ambayo kapu la guka lilishindwa kufanya.

Jiko la makaa halilali ndani ya nyumba yetu, na ninamwomba kila msomaji wa nchi ya baridi asiliingize chumbani milango ikiwa imefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zisizoamka. Nyumba iliyozibwa nyufa huwa hatari zaidi kwa jiko la aina hiyo.

Veranda ya mashariki tuliiwekea vioo mbele, na baadhi ya mabati yake tukabadilisha kwa yale yanayopitisha mwanga. Saa mbili asubuhi jua huingia moja kwa moja, hupasha sakafu ya mawe, na tukifungua milango ya vyumba joto hilo huingia ndani. Wakati wa gathano msaada wake ni mdogo kwa sababu ya ukungu, na hapo sufu ndiyo inayotuokoa. Lakini Januari, baada ya usiku wa jalidi, watoto hunywa chai pale kabla ya kwenda shule.

Kuna sababu nyingine ya kufanya haya yote, na inatupita sisi wa nyumba hii. Msitu alimokata kuni guka ndio unaolisha bwawa la Sasumua hapa Njabini na lile la Ndakaini ng'ambo ya mlima, na kutoka huko Nairobi hunywa. Tangu 2009 msitu huo umezungushiwa ua wa umeme wa takriban kilomita 400. Watu wengi waliuona ua huo kama wa kuwazuia ndovu wasiingie shambani. Nauona pia kama mpaka wa enzi ambayo joto la nyumba moja lingeweza kugharamiwa na mlima mzima. Sisi tunachoma matawi ya miti tuliyoipanda wenyewe, na hayaishi.

Kwa wale waliorithi nyumba kama hii, iwe Kinangop, Molo, Limuru au Ol Kalou, nina maneno mawili. La kwanza ni la kazi: ziba juu kabla ya kuwasha chini, acha mbao zipumue, tafuta kwanza kilicho karibu nawe. La pili ni la kumbukumbu: kabla ya kubomoa, waulize wazee ni nani aliyebeba kuni za nyumba ile, na uandike majina yao. Uzuri uliosifiwa wa nyumba hizi za nyanda za juu ulisimama juu ya kazi ya watoto walioamka gizani. Nyumba inayohifadhi joto lake yenyewe haimdai mtoto wa mtu usingizi wake, na kwangu hilo ndilo badiliko kubwa zaidi ambalo ukuta huu wa mtarakwa umeliona tangu uliposimamishwa. Guka hakuwahi kulala ndani ya nyumba hii ikiwa na joto. Wajukuu wa mwanawe wanalala humo, na hakuna anayeamshwa saa kumi.